Baseless: kivumishi kimoja mbele ya kisa cha chanjo ya MMR

Tarehe 26 Februari 1998, hospitali ya Royal Free ya kaskazini mwa London iliwaita waandishi wa habari. Siku mbili baadaye jarida la Lancet lingechapisha makala ya kitabibu kuhusu watoto 12 wenye maradhi ya utumbo na matatizo ya ukuaji, wengi wao wakitajwa kuwa na usonji. Mwandishi mkuu wa makala hiyo, Andrew Wakefield, alisema mbele ya waandishi jambo ambalo makala yenyewe haikulisema: kwamba hawezi tena kuunga mkono chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ile ijulikanayo kama MMR, na kwamba ni afadhali watoto wachanjwe dhidi ya kila ugonjwa peke yake mpaka suala la kama chanjo hiyo inahusiana na usonji litatuliwe.

Dai hilo lilivuka bahari, likaingia mabungeni na mahakamani, na hadi leo halijafa. Ninachokichambua hapa ni upande mmoja wa kisa hicho: neno ambalo Kiingereza hulitumia kulihukumu. Neno hilo ni "baseless", pamoja na ndugu zake wa karibu "groundless" na "unfounded". Anayesoma Kiingereza kwa ajili ya kazi, awe mwanahabari, mfasiri, mwanafunzi wa sheria au mhudumu wa afya, hukutana na maneno haya kila mara, na wengi huyapokea yote matatu kwa maana ya "uongo". Katika kisa cha MMR tafsiri hiyo inapotosha, tena vibaya, kwa sababu dai lilipita hatua kadhaa na kila hatua ilistahili neno lake.

Neno lenyewe

"Baseless" limeungwa kwa vipande viwili. "Base" liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa, nacho Kifaransa kililipata kutoka "basis" ya Kilatini, iliyotoka Kigiriki. Huko Ugiriki neno lilihusu hatua ya mguu, kisha likahusu kile ambacho mguu unakikanyaga, hadi likafika kwenye kitako cha nguzo au cha sanamu. Kiambishi "-less" ni cha Kiingereza cha kale, chenye maana ya kukosa kitu au kuwa huru nacho. Ni jamaa wa "-los" ya Kijerumani, na asili yake ni tofauti na ile ya "less" ya kulinganishia, ingawa leo yanaandikwa sawasawa. Miongoni mwa matumizi ya mwanzo yanayofahamika ya neno zima ni yale ya Shakespeare katika The Tempest, tamthilia ya takriban mwaka 1611, ambamo Prospero anayaita maono yake jengo lisilo na msingi, litakaloyeyuka bila kuacha hata kipande cha wingu.

"Groundless" ni kongwe zaidi. Katika Kiingereza cha kale lilielezea kina kisicho na mwisho, mahali ambapo mguu haufiki chini, kabla ya kuhamia kwenye hofu na shutuma zisizo na sababu. "Unfounded" limetokana na kitenzi cha kuweka msingi, na lina sauti ya kiofisi. Mawakili na wasemaji wa serikali hulipenda.

Maneno yote matatu yanauliza swali moja: chini ya dai kuna nini? Kwa maana yake ya kamusi, hakuna hata moja linalosema kwamba dai si kweli. Mtu anaweza kubahatisha akapatia. Dai lake lilikuwa "baseless" siku alipolitoa na baadaye likaonekana kuwa kweli. Vivyo hivyo dai lililosimama juu ya ushahidi mzuri linaweza kuangushwa na ushahidi bora zaidi, na bado isiwe haki kusema kwamba halikuwa na msingi tangu mwanzo. Kwa hiyo anayetamka "baseless" anatoa hukumu juu ya tegemeo, na kila hukumu ya namna hiyo ina tarehe yake: ni tegemeo lililokuwepo siku ile, mbele ya yule aliyedai.

Hiyo ndiyo kamusi. Katika masikio ya Waingereza na Wamarekani neno hubeba zaidi ya hapo. Kumwambia mtu kwamba dai lake ni "unproven" ni kumwambia bado hajafika. Kumwambia ni "baseless" ni kumlaumu kwamba alisema bila kuwa na haki ya kusema. Lawama hiyo ndiyo inayofanya uchaguzi wa neno uwe jambo zito.

Kilichokuwa chini ya dai

Watoto wa makala ile ya Lancet walikuwa 12, wavulana 11 na msichana 1, wa umri wa miaka 3 hadi 10. Kwa 8 kati yao, mzazi au daktari wa mtoto alihusisha mwanzo wa dalili za tabia na chanjo ya MMR, na muda uliotajwa kati ya sindano na dalili ulikuwa wastani wa siku 6.3. Kwa swali la chanjo hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hawakuangaliwa watoto waliochanjwa wakabaki na afya njema, wala watoto wenye usonji ambao hawakuwahi kuchanjwa. Uhusiano wa wakati ulitegemea kumbukumbu. Na makala yenyewe iliandika wazi kwamba haikuthibitisha uhusiano kati ya chanjo na hali iliyoelezwa.

MMR ilikuwa imeanza kutolewa Uingereza mwezi Oktoba 1988, na katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walikuwa wakiipata, kwa kawaida muda mfupi baada ya kutimiza mwaka mmoja. Huo ndio umri ambao wazazi wengi huanza kuona dalili za usonji: mtoto aliyeanza kutamka maneno akanyamaza, haitiki jina lake, hatazami usoni. Chukua watoto wowote wenye usonji wa kizazi kile na utakuta karibu wote walichanjwa, na kwa baadhi yao dalili zitakuwa zimeonekana katika siku au wiki zilizofuata sindano. Mfuatano huo ungetokea hata kama chanjo haina lolote ndani yake. Robert Chen na Frank DeStefano, wataalamu wa Marekani wa usalama wa chanjo, walitoa tahadhari ya namna hiyo katika toleo lile lile la Lancet, kurasa chache tu kutoka kwenye makala iliyowaka moto.

Je, tuseme basi kwamba makala ilikuwa "baseless" tangu siku ya kwanza? Kama tungejua yale tu yaliyokuwa yamechapishwa wakati ule, ningekataa. Ripoti ya wagonjwa wachache ni njia halali ya kufungua swali. Udaktari umegundua mengi kwa kuanzia kwa daktari mmoja aliyeona wagonjwa kadhaa wanaofanana akauliza kwa nini. Dhana ya makala, ikisomwa jinsi ilivyoandikwa, ilistahili "unproven", haijathibitishwa, au "speculative", ya kubuni kwa kukisia. Ina tegemeo jembamba na inakiri kuwa tegemeo ni jembamba.

Pendekezo la kutenganisha chanjo ni jambo jingine kabisa. Katika makala hakuna mstari uliolinganisha watoto waliopewa MMR na waliopewa chanjo moja moja. Hakuna kipimo, hakuna jedwali, hata mtoto mmoja wa mfano hayumo. Kauli iliyotolewa kwenye mkutano na waandishi ilisimama hewani. Hapo "baseless" lilikuwa neno sahihi siku ile ile, kabla ya utafiti wowote mwingine na kabla ya mtu yeyote kujua nyuma ya pazia kulikuwa na nini. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani mtu anahitaji kusubiri miaka ya tafiti kabla ya kulitumia neno. Ilitosha kusoma makala na kuiweka kando ya kauli.

Hakuna aliyelitumia kwa sauti ya kutosha. Kwa miaka kadhaa magazeti ya Uingereza yaliuita mjadala huo "controversial", wenye utata, yakimweka upande mmoja mtetezi wa chanjo na upande wa pili mpinzani wake, kana kwamba mizani ilikuwa sawa. Wizara ya afya nayo ilirudia kwamba hakuna ushahidi wa uhusiano. Kauli hiyo ilikuwa ya kweli, lakini mzazi aliyeisikia aliielewa kama "bado hatujui". Desemba 2001 Waziri Mkuu Tony Blair alipokataa kusema kama mwanawe mchanga alichanjwa, akitaja faragha ya familia, shaka ilipata chakula kingine.

Idadi ya waliochanjwa ikaporomoka. Katika England, watoto waliokuwa wamepata MMR walipofikisha miaka miwili walikuwa asilimia 92 mwaka 1995 hadi 1996, na wakafika asilimia 80 mwaka 2003 hadi 2004. Ili kuzuia surua isisambae, kiwango kinachohitajika ni takriban asilimia 95. Mwaka 1998 England na Wales zilikuwa na wagonjwa 56 waliothibitishwa. Mwaka 2008 walizidi 1,300. Mwaka 2006 kijana wa miaka 13 alikufa kwa surua, kifo cha kwanza cha aina hiyo nchini humo tangu 1992. Katika mlipuko wa Swansea wa 2012 na 2013, ambao watoto wake wengi walikuwa wa umri wa wale waliokosa chanjo katika miaka ya hofu, waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 1,200 na mtu mmoja akafariki.

Kutoka kukosa msingi hadi kukanushwa

Tafiti zilianza kufika haraka. Mwaka 1999 Brent Taylor na wenzake, wa hospitali ile ile ya Royal Free, walichapisha uchunguzi wa watoto 498 wenye usonji katika eneo la London na hawakuona ongezeko la ghafla baada ya MMR kuanzishwa, wala tofauti ya umri wa kugunduliwa kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa. Mwaka 2002 Denmark ilitoa kazi kubwa zaidi: watoto 537,303, yaani wote waliozaliwa nchini humo kuanzia 1991 hadi 1998, wakifuatiliwa kupitia rejista za taifa. Hatari ya usonji haikuwa kubwa zaidi kwa waliopata MMR.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Yokohama, Japani, uliochapishwa 2005. Japani ilikuwa imeacha kutoa MMR mwaka 1993 kwa sababu nyingine, iliyohusu sehemu ya matumbwitumbwi ya chanjo yao. Kwa hiyo lile jaribio ambalo Wakefield alikuwa kama analiomba, yaani kuiondoa chanjo ya pamoja na kuangalia kitakachotokea, lilikuwa limeshafanyika bila mtu kulipanga. Idadi ya watoto waliogunduliwa kuwa na usonji iliendelea kupanda baada ya chanjo kuondolewa. Kama MMR ingekuwa chanzo, ingepaswa kushuka. Mwaka 2019 Denmark ilirudi tena na watoto 657,461, na jibu likawa lile lile.

Kuanzia hapa kivumishi kinabadilika, na hapa ndipo waandishi wengi wa Kiingereza wenyewe hutereza. Dai lililopimwa mara nyingi hivyo na kushindwa limekwenda mbali zaidi ya kukosa msingi. Limekanushwa. Kiingereza kina "false", si kweli. "Disproved", limethibitishwa kuwa si kweli. "Debunked", la mazungumzo, lenye maana ya kuvuliwa nguo hadharani. Kuendelea kuliita "baseless" mwaka 2025 si kosa la lugha, lakini kunasema kidogo kuliko tunavyojua. Msomaji anaweza kudhani kwamba watu hawajatafuta, wakati ukweli ni kwamba walitafuta kwa miongo miwili katika nchi kadhaa wasikute kitu.

Mahakama nazo zililipima kwa kipimo chao. Familia nyingi za Uingereza zilikuwa zimefungua madai dhidi ya watengenezaji wa chanjo kwa fedha za msaada wa kisheria, na mwaka 2003 fedha hizo ziliondolewa kwa sababu ushahidi haukutosha kushinda. Marekani, mahakama maalumu ya fidia za chanjo ilisikiliza kesi za mfano kwa niaba ya familia takriban 5,000, na Februari 2009 ikaamua dhidi ya walalamikaji. Miongoni mwa mashahidi alikuwa Nicholas Chadwick, aliyekuwa mwanafunzi katika maabara ya Wakefield mwenyewe. Alieleza kwamba alipima sampuli za watoto wale kutafuta virusi vya surua na hakuvipata, na kwamba Wakefield aliyajua majibu hayo kabla ya makala kutoka.

Pale neno linapokuwa dogo

Februari 2004 mwandishi wa Sunday Times, Brian Deer, alifichua kwamba kabla ya makala kuchapishwa Wakefield alikuwa akifanya kazi na wakili aliyekuwa anaandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa MMR, na kwamba pauni 55,000 za msaada wa kisheria zilikuwa zimetolewa kwa utafiti huo. Jarida halikuwa limeambiwa. Mwezi uliofuata, waandishi 10 kati ya 13 wa makala waliondoa tafsiri iliyohusisha chanjo na usonji. Baadaye ilijulikana kwamba malipo binafsi ya Wakefield kutoka katika kesi hiyo yalizidi pauni 435,000, na kwamba Juni 1997 iliombwa hataza ya chanjo nyingine ya surua yenye jina lake.

Baraza la madaktari la Uingereza lilianza kusikiliza shauri lake mwaka 2007. Tarehe 28 Januari 2010 lilitoa matokeo: amekosa uaminifu, na amewafanyia watoto vipimo vizito visivyo na kibali cha maadili. Lancet iliifuta makala nzima tarehe 2 Februari, na Mei mwaka huo jina la Wakefield likaondolewa katika rejista ya madaktari. Januari 2011 jarida la BMJ lilichapisha mfululizo wa Deer uliolinganisha makala na mafaili ya watoto. Makala ilisema wote 12 walikuwa wazima kabla ya chanjo, ilhali mafaili ya 5 yalikuwa na wasiwasi wa ukuaji ulioandikwa awali. Watoto 3 kati ya 9 waliotajwa kuwa na usonji wa kurudi nyuma, yaani ule ambao mtoto hupoteza uwezo aliokwisha kuupata, hawakuwahi kugunduliwa na usonji wa aina yoyote. Dalili zilizotajwa kuanza ndani ya siku chache, katika baadhi ya mafaili zilianza miezi baadaye. BMJ iliiita kazi hiyo udanganyifu.

Ukisharudi kwenye makala ya 1998 na taarifa hizi mkononi, ile heshima niliyoipa hapo juu, ya kuiita "unproven", inaondoka. Tegemeo jembamba lilikuwa limechongwa. "Baseless" hapa ni neno dogo mno, tena linampunguzia mtu dhamana: linaacha nafasi ya kudhani kwamba alikuwa mzembe tu. Kiingereza kina "fraudulent" kwa hali hii, yaani la ulaghai, na mwandishi mwenye nyaraka mkononi asiogope kulitumia, ila alihusishe na makala na namna ilivyotengenezwa. Dhana ya kisayansi haiwezi kuwa laghai, ripoti inaweza.

Baraza lenyewe lilikuwa makini sana na mpaka huo. Lilisema wazi kwamba shauri lake halihusu kama MMR ina uhusiano na usonji au haina. Lilihukumu mwenendo wa daktari. Ukweli au uongo wa dhana uliachiwa tafiti, ambazo tayari zilikuwa zimejibu.

Sasa tazama neno letu likitoka katika kinywa cha pili. Siku ile ya Januari 2010, nje ya jengo la baraza, Wakefield aliwaambia waandishi kwamba tuhuma dhidi yake na wenzake ni "unfounded" na si za haki. Kisarufi sentensi yake haina kasoro. Ni neno lile lile ambalo wanasayansi walilitumia kwa dai lake, likirudishwa kwao. Ndivyo linavyotumika kila siku katika taarifa za makampuni, za wanasiasa, za watuhumiwa: tuhuma zote hazina msingi. Tofauti iko nje ya sentensi. Upande mmoja kulikuwa na rejista za Denmark na mafaili ya hospitali. Upande wa pili kulikuwa na kauli iliyotamkwa saa chache baada ya vikao vilivyochukua zaidi ya miaka miwili. Mfasiri au mwanahabari anayeandika "tuhuma hizo hazina msingi" bila kumtaja msemaji amegeuza utetezi kuwa taarifa. Katika nafasi hii neno lazima lifungwe kwa mwenyewe: Wakefield alisema, Wakefield alidai.

Lakini si kila aliyekuwa upande ule alikosea alipojitetea. Profesa John Walker-Smith, daktari bingwa wa utumbo wa watoto aliyekuwa mmoja wa waandishi wa makala, naye aliondolewa katika rejista mwaka 2010, akakata rufaa. Machi 2012 Jaji Mitting wa Mahakama Kuu alitengua uamuzi huo, akiona kwamba hoja za baraza dhidi yake zilikuwa za juujuu na zenye kasoro. Ingawa alimsafisha mzee huyo, jaji aliandika pia kwamba sasa hakuna kundi la wataalamu wa kuheshimika linaloiunga mkono dhana ya Wakefield. Watetezi wa dhana hiyo hutaja nusu ya kwanza ya hukumu na kuiacha ya pili. Kwangu hukumu hii ndiyo mfano bora wa kutumia kivumishi kwa adabu: kilipima tegemeo la kila dai kivyake, shitaka la mtu mmoja upande huu, dhana ya kitabibu upande ule, na hakikuruhusu kuanguka kwa moja kuliokoe jingine.

Wazazi na hofu zao

Kuna kundi ambalo ningependa lisiguswe kabisa na "baseless", nalo ni wazazi. Mama aliyeona mtoto wake akipoteza maneno miezi michache baada ya sindano hakuzusha kitu. Aliona alichokiona. Kosa lilikuwa katika kuunganisha sindano na ukimya wa mtoto, na muunganisho huo aliletewa na mtu mwenye koti jeupe na jarida lenye jina kubwa. Kiingereza kizuri hutofautisha hapa. Kwa hofu, neno la kawaida ni "groundless" au "unfounded", na mwandishi mwenye utu huongeza "understandable", inayoeleweka, ambalo hukaa vizuri kando ya "unfounded". Hofu inaweza kukosa msingi na bado ikaeleweka kabisa. Dai la daktari mbele ya vyombo vya habari halipati huruma hiyo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima kwanza.

Ndiyo maana "baseless" hukaa zaidi na nomino za watu kusema kuliko za watu kuhisi. Utalikuta mbele ya "claims", madai, "allegations", tuhuma, "accusations", shutuma, "rumours", uvumi. Hutangulia nomino au hufuata kitenzi cha kuwa. Husisitizwa kwa maneno ya ukamilifu kama "completely", "utterly" na "entirely". "Very" hailifai, kwa kuwa tegemeo lipo au halipo. Lina kielezi, "baselessly", kinachotumika kwa anayetuhumu ovyo. Na licha ya asili yake, leo halitumiki kwa vitu vya kushikika: nguzo iliyopoteza kitako haiitwi "baseless".

Kwa Kiswahili tuna akiba ya kutosha kuliko tunavyoitumia. "Lisilo na msingi" ndilo sawa na "baseless" karibu neno kwa neno. "Lisilo na mashiko" linafaa hoja iliyokwisha kuchunguzwa ikakosa pa kushikwa, na kwa sikio langu liko karibu zaidi na hukumu ya mahakama. "Lisilothibitishwa" ni la hatua ya mwanzo, pale swali liko wazi. "Uvumi" hauna mwenyewe anayejulikana, "uzushi" una mzushi, na "uongo" unahitaji tujue kwamba msemaji aliujua ukweli akausaliti. Ukitafsiri "baseless" kwa "uongo" umemshitaki mtu kwa kosa ambalo maandishi ya Kiingereza hayakumshitaki nalo, na siku atakapokuuliza ushahidi hutaupata katika maandishi hayo.

Chukua sentensi ya kawaida kuhusu kisa hiki, ya aina inayorudiwa sana: "Mwaka 1998 daktari mmoja wa London alichapisha dai lisilo na msingi kwamba MMR husababisha usonji." Ina makosa mawili. Makala iliyochapishwa haikudai kwamba MMR husababisha usonji, na neno lililochaguliwa linafaa kauli ya mkutano, si yaliyokuja kujulikana kuhusu makala. Ningeiandika hivi: mwaka 1998 Andrew Wakefield alipendekeza bila msingi wowote kwamba chanjo ya pamoja iachwe, dhana yake kwamba chanjo hiyo inahusiana na usonji ilikanushwa na tafiti za miaka iliyofuata, na ripoti aliyoitegemea, iliyofutwa na Lancet mwaka 2010, ilionekana kuwa ilitengenezwa kwa udanganyifu.